Simu imekuwa "robbed" au "stolen"?

Swali: Habari mhariri. Juzi nimeporwa simu steji, wamenitolea kisu kabisa, nikamtumia bosi meseji kwa Kingereza "they robbed my phone", akanijibu eti simu haiwezi kuwa robbed. Si yote ni kuiba tu jamani? Msomaji, Mombasa.

Jibu: Pole sana. Bosi yuko sawa, ila wakati wenyewe wa kusahihisha watu Kingereza, mmh! Iko hivi, "steal" inafuatwa na kitu kilichoibwa, "rob" inafuatwa na mtu au mahali palipoibiwa, kwa hiyo ni "they stole my phone" ama "they robbed me", na benki inakuwa robbed lakini hela zake zinakuwa stolen. Ukitaka vyote kwa pamoja weka of: "they robbed me of my phone".

Halafu kuna suala la nguvu. Anayekuchomolea simu kwenye matatu bila we kujua, huyo ameiba tu, lakini akitumia nguvu au vitisho sheria ya Kenya inaita robbery. Na burglary je? Hiyo ni kuvunja na kuingia nyumba ya watu usiku kwa nia ya kutenda kosa kubwa kama wizi, ikiwa mchana inaitwa housebreaking, Tanzania pia wanatenganisha hivyohivyo, na hata jamaa akitoka mikono mitupu kosa lishatimia.

We polisi waambie "I was robbed", hicho kisu kinatosha.