Maneno hayasikiki, milipuko inapasua masikio

Pole ndugu yangu. Umesema mtambo wako wa spika tano na sabufa unanguruma vizuri, ila waigizaji wakizungumza husikii kitu, kwa hiyo kila mara unagusa skrini kuongeza sauti. Iache kwanza hiyo sauti kuu. Maneno mengi ya filamu hutoka spika ya katikati, ile iliyo chini ya runinga. Ingia kwenye mipangilio ya mtambo, gusa sehemu ya spika, bonyeza jaribio: utasikia "shhh" ikizunguka spika moja baada ya nyingine. Ya katikati ikisikika dhaifu, iongeze hiyo peke yake desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 au 3.

Kisha chukua tepu ya fundi, upime kutoka unapokaa hadi kila spika, uandike namba halisi kwenye mipangilio hiyo ya spika. Sauti hutumia takriban milisekunde 3 kusafiri mita moja, na mtambo hutegemea vipimo hivyo kuzipatanisha spika ili sauti zote zikufikie pamoja. Watu wengi huiruka hatua hii, inaniuma sana.

Ikikataa bado, kagua runinga. Ikiwa inatoa sauti ya stereo tu (njia mbili, kushoto na kulia), spika ya katikati haitapata sauti yake yenyewe. Usiku watoto wakilala, washa hali ya usiku. Hupunguza milipuko na kunyanyua minong'ono.