Taa ya mwanga inaninyima usingizi, nakosea wapi?

SWALI: Dokta habari, mi kila majira ya baridi siku zikiwa fupi nakuwa mzito, nalala masaa 10 na bado nachoka, hamu ya watu sina. Nimenunua taa ya tiba ya mwanga, nawasha usiku nikiangalia tivii, wiki ya pili sasa naambulia kukosa usingizi tu. Nimepigwa?

JIBU: Hujapigwa ndugu yangu, saa ndo umekosea. Hiyo taa ni ya asubuhi, ukiamka tu, maana mwanga ndo unaiambia saa ya mwili kumekucha, sasa ukiwasha usiku ubongo unadhani ni mchana na usingizi unakimbia, lazima. Angalia kwenye boksi kama ni lux 10,000 (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga) na inachuja UV, ile miale inayodhuru macho na ngozi. Iweke pembeni kidogo ya uso, umbali wanaoelekeza, dakika 20 mpaka 30 huku unakunywa chai yako, macho wazi ila usiikodolee. Wiki 1 au 2 utaanza kuona tofauti. Ila kama una bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au shida ya macho, ongea na daktari wako kwanza, na ukianza kuwaza kujidhuru hiyo sio ya kusubiri taa, nenda hospitali siku hiyohiyo.