Boksi la Nguo na Dodoso Nililolidanganya

Suruali ya kwanza iliishia magotini. Nilikuwa mbele ya kioo, mguu mmoja ndani mmoja nje, narukaruka kama niliyekanyaga siafu, mdogo wangu akachungulia mlangoni. "Dada, hiyo umeagiziwa wewe au mimi?" Nikamwambia wamekosea saizi. Uongo. Saizi ile niliiandika mwenyewe, saa tano usiku, nikikumbuka kiuno nilichokuwa nacho miaka sita nyuma.

Kwa ambaye hajakutana na huduma hizi za kutumiwa boksi la nguo: unajiunga kwenye intaneti, unajaza dodoso refu kuhusu mwili wako na mavazi unayopenda, kisha mshauri wa mavazi usiyemjua anakuchagulia nguo, mara nyingi tano, na kukutumia ndani ya boksi. Unazijaribu nyumbani. Unazozitaka unalipia, nyingine unarudisha kwenye mfuko waliokuwekea. Aliyeipa biashara hii umaarufu ni Katrina Lake, aliyeanzisha Stitch Fix huko Marekani mwaka 2011 akiwa bado mwanafunzi. Pale kompyuta hupunguza orodha kwanza, ndipo binadamu anachagua. Kompyuta au binadamu, wote wawili wanakujua kwa yale uliyowaambia tu.

Mimi nilijiunga kwa sababu majira ya majani kupukutika hunishinda. (Vitabu huyaita vuli, lakini mimi nikisikia vuli nawaza mvua, basi nivumilie.) Asubuhi baridi inauma masikio, saa saba mchana unajuta kubeba koti, jioni upepo unakukumbusha kwa nini ulilibeba. Kila mwaka nilikuwa nakimbilia sweta moja la kijivu, navaa mpaka viwiko vinapauka. Nikasema safari hii nimwachie mtaalamu.

Boksi la kwanza lilikuja na ile suruali, sweta la rangi ya haradali, shati la mirabaraba, koti jepesi na skafu. Skafu niliipenda. Shati lilikuwa zuri, ila ninayo mawili yanayofanana nalo, jambo ambalo mshauri asingeweza kulijua kwa sababu sikumwambia. Koti lilikuwa na mabega ya mtu mwingine. Sweta nalo, nilipogeuza lebo, nikakuta akriliki tupu, uzi wa kiwandani unaoiga sufu. Akriliki si dhambi, na kwa ngozi isiyovumilia sufu ni nafuu kubwa. Lakini kwangu mimi, mkoba ukisugua ubavuni wiki mbili tu, sweta la namna hiyo linaota vipira kama limepata upele. Sufu ina mawimbi madogo yanayoshika hewa, ndiyo maana inatia joto bila kuwa nzito, na inanyonya unyevu mwingi kabla hujahisi umelowa. Kwa siku inayobadilika mara tatu, ndiyo ninayoitaka. Sasa, mshauri angeotea vipi? Kwenye sehemu ya maelezo ya ziada niliandika "napenda vitu vizuri". Nani hapendi?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama ukiacha kusoma hapa utakuwa umepata karibu kila kitu: kabla ya kujaza dodoso, chukua tepu ya fundi ujipime kifua, kiuno, nyonga, na mguu kwa ndani kuanzia msambani hadi kifundoni. Pima leo, usiandike kwa kumbukumbu. Halafu fungua kabati. Angalia nguo unazozivaa mpaka zinachakaa na zile ambazo hazijatoka tangu uzinunue, ujiulize kwa nini. Mimi niligundua kwamba kila nguo niliyoitelekeza ilikuwa na tatizo moja kati ya mawili: mabega mapana kuliko yangu, au kola inayonibana shingo. Miaka yote hiyo nilidhani tatizo ni rangi.

Maelezo yangu ya boksi la pili yakawa hivi: "Mabega yangu ni membamba, mshono wa bega usishuke. Shingo wazi. Sufu au pamba. Ninayo mashati ya mirabaraba, sitaki jingine. Natembea sana, na ndani ya jengo ninapofanya kazi kuna joto, kwa hiyo nataka nguo za kuvaa juu ya nyingine na kuzivua bila shida. Suruali zangu nyingi ni nyeusi." Sentensi hizo ziliwasaidia kuliko maswali yote ya kuchagua picha. Lilikuja jaketi la sufu la kijani kibichi ambalo dukani ningelipita bila kuligeukia, na mpaka leo ndilo linalosifiwa na watu.

Hesabu ya bei ndiyo iliyonichezea zaidi. Kampuni nyingi zinatoza ada ya mshauri, ambayo inakatwa kwenye bei ukinunua walau nguo moja. Ukirudisha zote, ada imekwenda. Hilo pekee linakufanya ubakize skafu usiyoihitaji ili "usipoteze". Kisha kuna punguzo la kubakiza boksi zima, kwa mfano asilimia 25. Tuseme nguo tano zina bei sawa, 100 kila moja. Ukipenda nne, utalipa 400. Ukichukua zote tano, ni 500 ukiondoa robo, yaani 375. Ajabu, nguo ya tano inakupunguzia gharama! Hapo chukua zote, ile usiyoitaka mpe ndugu. Lakini ukipenda tatu ni 300, na kuchukua zote bado ni 375. Hapo umelipia 75 kwa nguo mbili za kujaza kabati. Bei za kweli hazilingani, kwa hiyo kaa na kikokotoo kila mara. Mimi boksi la kwanza nilibakiza nguo nne, suruali ya magotini ikiwemo, "nitapungua". Unajua kilichofuata.

Boksi likifika, lijaribu siku ileile. Siku za kurudisha ni chache, zinapita ukiwa umeliweka kitandani ukisubiri wikiendi. Mara moja nilichelewa siku mbili, nikakatwa pesa ya sketi ambayo hata lebo sikuikata. Nililalamika, wakanirudishia baada ya barua pepe nne, na nadhani walichoka tu.

Jaribu ukiwa na viatu utakavyovaa kweli. Koti livae juu ya sweta lako nene, si juu ya fulana, maana koti linalokaa vizuri juu ya fulana linaweza kukataa kufungwa baridi ikikolea. Inua mikono kama unashika bomba la basi. Kaa. Inama ufunge kamba za viatu. Mikono mirefu na pindo refu usiviogope, fundi anavipunguza kwa kazi ndogo. Bega ni habari nyingine, kulirekebisha ni karibu kulifumua koti upya. Mshono wa bega ukidondoka, rudisha bila huruma. Na unaporudisha, usiandike "sijaipenda". Andika "kola inabana" au "kitambaa kinawasha". Mshauri halioni shingo lako likigeuka jekundu.

Jambo jingine: chagua kutumiwa boksi unapoomba, usikubali la kila mwezi linalojituma lenyewe. Majira haya ni mafupi. Maboksi mawili yalinitosha, la tatu lingekuja na sweta la nne. Wala usiache salio lako likae muda mrefu kwenye akaunti ya huduma hizi, kwani zinafungwa. Nordstrom, kampuni ya maduka ya Marekani, iliinunua Trunk Club, huduma ya namna hiihii, mwaka 2014, ikaifunga 2022, na Stitch Fix yenyewe iliondoka Uingereza mwaka 2023.

Je, ningemshauri kila mtu? Hapana. Kama unafurahia kuzunguka madukani na kupapasa vitambaa, hii itakunyima raha yako. Kama bajeti imebana, mitumba iliyochaguliwa kwa macho yako mwenyewe itakuvalisha vizuri zaidi. Ila kama wewe ni kama mimi, unayeingia dukani na kutoka na sweta la kijivu kila mara, jaribu boksi moja.

Suruali ya magotini anaivaa mdogo wangu. Inamkaa kama alishonewa, na kila akipita nayo sebuleni ananiuliza boksi lijalo linakuja lini.