Kamati ya Mazishi Isivunjwe Siku ya Mazishi

Kwa miaka ambayo nimejitolea kuwatembelea waliofiwa katika mitaa ya Mukuru, hapa Nairobi, sijakuta familia iliyokosa watu kabla ya maziko. Matanga hujaa kila jioni, kamati huundwa na kupewa mwenyekiti na mweka hazina, kundi la WhatsApp hufunguliwa, namba ya M-Pesa husambazwa, na hatimaye basi hukodiwa kuwapeleka waombolezaji Siaya, Kitui au Kakamega. Upungufu huanza baadaye. Basi likisharudi, mweka hazina husoma hesabu, watu hujiondoa kundini mmoja mmoja, na mjane aliyebaki kijijini, au kijana aliyerudi peke yake katika chumba cha kupanga, huachiwa msiba ambao ndio kwanza unaanza kumwingia.

Ushauri wangu kwa kanisa, msikiti, chama au shirika linalotaka kuwafariji watu wa mabandani na vijijini ni kwamba lisianze kwa kutafuta ofisi ya ushauri nasaha, bali liiongezee kamati ya mazishi kazi ya miezi sita. Watu wawili wanaoishi karibu na mfiwa wachaguliwe kabla ya basi kuondoka, wajulikane kwa majina, na waafikiane siku za kumtembelea. Ahadi ya "tutakuja kukuona" isiyokuwa na siku, kwa niliyoyaona, haitimizwi. Ikiwa mfiwa anabaki mashambani, wawili hao watoke huko huko, wala si Nairobi, kwa kuwa nauli itawashinda wa mjini, na pia kwa sababu mtu hulia kwa lugha aliyolelewa nayo.

Muda huo wa miezi sita haukutoka hewani. Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika mwaka 2022, haihesabu majonzi kuwa maradhi mpaka angalau miezi sita ipite na hali ya mfiwa izidi kwa wazi kile ambacho mila na dini yake hutarajia. Kabla ya hapo, wengi huhitaji zaidi watu wa kuwa nao kuliko tiba.

Wapo wanaoshuku kwamba kazi hii itamshinda mtu asiye na shahada ya saikolojia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuata watoto yatima wa umri wa miaka 7 hadi 13 katika maeneo ya Bungoma na Moshi, ambako watu wa kawaida waliopewa mafunzo waliongoza vikundi vya watoto hao kwa vikao 12. Upande wa Kenya, mjini na kijijini, dalili za kiwewe zilipungua zaidi kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida. Lakini wahudumu hao walifunzwa na kusimamiwa kila mara, jambo ambalo, nasema kwa masikitiko, ndilo la kwanza kukatwa bajeti inapopungua.

Mkimtembelea mfiwa, msibebe maneno ya "jipe moyo" pekee. Mjane mara nyingi anafuatilia cheti cha kifo, anahitaji barua ya chifu ili afungue kesi ya mirathi, na huenda shemeji zake wameanza kupima shamba kwa macho. Msindikizeni huko. Mengi niliyowahi kuambiwa na waliofiwa niliambiwa kwenye foleni ya ofisi ya chifu, wala si kwenye kiti kilichopangwa kwa mazungumzo. Wanaume hasa, ambao wakiulizwa nyumbani hujibu kwamba wako sawa, hufunguka mikono yao ikiwa na shughuli. Watoto nao waambiwe kwamba baba amekufa. Anayeambiwa kuwa amesafiri humngoja.

Kila ziara iwe na jicho la kutambua hatari: mtu asiyelala wala kula wiki baada ya wiki, aliyezama katika pombe, au anayesema afadhali angemfuata marehemu. Huyo wa mwisho asiachwe peke yake hata saa moja, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wengine, kuna wahamasishaji wa afya ya jamii waliozinduliwa nchini kote mwaka 2023, kila mmoja akiwa na takriban kaya 100. Mjulisheni wa eneo lenu mapema, naye awaelekeze kwenye kituo cha afya. Laini ya 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bure, hivyo hata asiye na salio anaweza kuzungumza na mshauri.

Kuhusu fedha, itengwe sehemu ndogo ya mchango kwa nauli na salio la simu la wale wawili, na itajwe wazi mbele ya familia kabla hesabu haijafungwa, kwa sababu ikishafungwa hakuna atakayekubali kuchangishwa tena.