Mnyama msaidizi ninayemchagua katika Donkey Kong Country

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza ni mnyama yupi anayemfaa mchezaji zaidi katika Donkey Kong Country, mchezo wa video uliotengenezwa na kampuni ya Rare mwaka 1994. Wengi humtaja kifaru Rambi, kwa kuwa pembe yake huwaangusha maadui na kubomoa kuta zinazoficha vyumba vya ziada. Mimi namchagua Enguarde, yule nduaro (samaki ambaye sisi tuliozoea migebuka ya Ziwa Tanganyika hatumkuti mwaloni), kwa sababu chini ya maji Donkey Kong na Diddy Kong, wale nyani tunaowachezesha, hawawezi kupigana, hukwepa tu, na ni mdomo wake mrefu unaowapa silaha. Chura Winky huruka juu sana, na huweza hata kuwakanyaga nyigu waitwao Zinger, ambao akina Kong wakiwarukia huumia wenyewe. Mbuni Expresso ana mbio, lakini hawezi kumshinda adui kwa kumkanyaga, nami humwacha mapema. Kasuku Squawks humulika taa katika pango moja tu. Ni katika toleo la pili, la mwaka 1995, ndipo alipoanza kumbeba mchezaji.