Mpiga gitaa anayeitwa tena

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kupiga gitaa kwenye harusi mtaa wa Langoni, Lamu. Palikuwa na udi, fidla, kinanda, dumbak na tari, nami nikaja na amplifaya niliyoivusha kwa boti kutoka Mokowe, nimeizungushia nailoni isipigwe na maji ya chumvi. Kila mwimbaji alipomaliza mshororo, nilikimbilia pale penye kimya nikapajaza. Wimbo wa tatu, mzee wa fidla, ambaye sote twamwita Ami, aliinama akaweka kiganja chake juu ya nyuzi zangu. Hakusema neno. Msimu ule wa harusi ukapita, simu yangu haikulia.

Niliumia sana. Najua wako vijana Lamu na Malindi wanaopita njia hiyohiyo, ndiyo maana nataka niwaeleze aliyenisaidia kutoka pale: Jim Hall, mpiga gitaa la jazi wa Marekani, aliyezaliwa Buffalo mwaka 1930 na kufariki 2013.

Kilichonishika kwake ni watu waliomtaka. Miaka ya 1950 alikuwa na mpiga ngoma Chico Hamilton, kisha na Jimmy Giuffre katika kikundi cha watu watatu kisicho na ngoma kabisa. Akapiga na Ella Fitzgerald, Paul Desmond, Art Farmer, Ron Carter. Sonny Rollins naye alijitenga na majukwaa, akawa anafanya mazoezi ya saksafoni juu ya daraja la Williamsburg, New York. Aliporudi studio mwaka 1962 kurekodi The Bridge, hakuweka piano. Alimweka Jim Hall. Watu hawa hawafanani hata kidogo, na kila mmoja ukimsikia akiwa na Hall, unamsikia yeye zaidi.

Basi nikakaa na rekodi zile usiku, spika za masikioni, nikitafuta anachofanya. Jambo la kwanza: anapiga kwa sauti ya chini, mpaka unasikia risha ikigusa uzi. Tangu hapo, kabla ya kuanza, napunguza amplifaya hadi niisikie pumzi ya mwimbaji. Nisipoisikia, bado nimezidi.

La pili ndilo lililonichukua muda mrefu. Mwaka huohuo wa 1962 Hall alirekodi Undercurrent na mpiga piano Bill Evans, wawili peke yao. Piano na gitaa zote zina kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zote zinakaa sauti za katikati, kama kinanda na gitaa kwetu. Mafahali wawili, zizi moja. Sikiliza wanavyokwepana: Evans akienda mbio, Hall anashika mapigo tu, kodi fupifupi zenye noti chache, kama mtu anayepiga besi na tari kwa pamoja. Evans akinyamaza, ndipo Hall anapanda. Mimi sasa huongea na mpiga kinanda kabla hatujapanda jukwaani. Namwuliza: ubeti huu ni wako au wangu? Ukiwa wake, mikono naiweka mapajani, na sioni haya.

Kuna shida nyingine ambayo ni yetu, jazi haikunifundisha. Gitaa lina vyuma shingoni, udi hauna. Mwimbaji akiingia maqam ya Rast, mojawapo ya ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, noti ya tatu haiko pale vyuma vinapoiweka, iko kati. Ukipiga kodi kamili unamgonga mwimbaji usoni. Nilihangaika nalo miezi, hatimaye nikaiacha ile noti kabisa: napiga ya kwanza na ya tano, ya tatu namwachia udi na fidla. Kwenye maqam ya Bayati naiepuka ya pili. Jaribu leo nyumbani na rafiki mwenye udi, utasikia wimbo unavyofunguka.

Usidhani mshirika ni mpiga ala peke yake. Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Lamu, alikuwa na udi wake, lakini pia alikuwa na mashairi ya Ahmed Sheikh Nabhany. Mpiga ala asiyeyajua maneno ya wimbo hajui wapi pa kunyamaza. Mwombe mwimbaji akuandikie beti, uzisome mchana.

Nina daftari pia. Kila niliyepiga naye nimemwandika: huyu huanza mshororo kabla ya pigo, yule hupenda noti moja nusu chini akichoka. Wamo wazee na wamo watoto wa shule. Hall naye hakuwadharau wadogo. Bill Frisell alikuwa mwanafunzi wake, na mwaka 2008 wakatoa albamu pamoja. Na Pat Metheny, mdogo wake kwa zaidi ya miaka 20, walitoa yao mwaka 1999. Kijana akikuomba upige naye, nenda, hata kama hana cha kukulipa ila nauli ya boti.

Harusi za mwaka huu zilipokaribia, Ami alinikuta barazani baada ya magharibi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi kimya kitambo.

"Matondoni, Ijumaa," akasema. "Njoo na gitaa. Lile sanduku lako la sauti liwache nyumbani."

"Naam, Ami," nikamjibu, nikaingia ndani kubadilisha nyuzi.