Maktaba ya mtaa inakarabatiwa: maswali yenu na majibu

Tumeombwa maoni kuhusu ukarabati, tuanze na nini, rangi au vitabu vipya?

Vyote viwili visubiri jamani. Kwanza kaeni pale muangalie, asubuhi nani yupo, jioni nani yupo, nani anachungulia halafu anageuka kwa sababu viti vimejaa. Na ishu kubwa ni wale wasiokuja kabisa, maana ukiweka fomu ya maoni mapokezi watajaza walewale wa kila siku ambao wameshaizoea hata ikivuja, kwa hiyo toka nenda stendi, sokoni, getini shuleni, waulize mbona hamji? Mara nyingi utaambiwa ni masaa tu, inafunguliwa watu wakiwa kazini, wakitoka inafungwa. Hilo hata mfuko wa saruji halihitaji.

Chumba cha juu kiko tupu, si tuhamishie rafu huko?

Taratibu! Vitabu ni vizito balaa. Sakafu ya rafu za maktaba kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kama kilo 700 kwa mita moja ya mraba, ya ofisi ni kama 250 tu, kwa hiyo injinia aje kwanza. Halafu mtu wa kiti cha magurudumu atapandaje kama hakuna lifti? Na hapohapo mlangoni pimeni rampu yenu, ule mteremko wa kupandishia kiti: kipimo kinachotumika sana ni kila sentimita 1 ya kupanda iwe na 12 za urefu, yaani vingazi viwili vya sentimita 15 vinataka rampu ya mita 3.6. Zile zilizosimama kama ubao wa kupakizia magunia kwenye lori, hizo ni za picha ya uzinduzi.

Mkutubi anataka kuondoa vitabu vya zamani, wazee wamekuja juu.

Mimi niko na mkutubi. Ranganathan, mkutubi maarufu wa India, alishaandika tangu 1931 kwamba maktaba ni kiumbe kinachokua, yaani kipya kikiingia cha zamani kinapisha, na rafu ikibanwa mpaka kitabu hakichomoki hakuna anayehangaika nacho. Kitabu cha dawa kilichopitwa na wakati kinaweza hata kumuumiza mtu. Ila vya historia ya mtaa wenyewe, hata kama vimechakaa, msiguse.

Watoto wanapiga kelele, wanafunzi wanalalamika.

Kona ya watoto iwe karibu na mlango na choo, meza za kusomea ziende mwisho kabisa, rafu zilizojaa zikae katikati zipunguze sauti. Basi.

Bajeti inatosha kitu kimoja: kompyuta mpya au soketi na waifai?

Soketi na waifai, bila kufikiria mara mbili. Wengi wanakuja na simu au laptopu zao, zile kompyuta za zamani zinazowaka waachieni wasio na kifaa. Sema fundi umeme mkimuacha peke yake ataweka soketi ukutani, kisha kabati linakuja linaziba, kwa hiyo kabla hajachimba chukueni chaki mchore sakafuni kila meza itakapokaa, ndo mumuonyeshe.